Ua la Kinamasini na Kichaa cha Mbwa

Nimeulizwa mara nyingi hata subira imenipungukia: je, Scutellaria lateriflora, ua lile dogo la buluu liotalo vinamasini na kandokando ya mito ya Marekani na Kanada, huponya kichaa cha mbwa? Haliponyi, wala halijapata kuponya. Na aulizaye huku jeraha la meno li wazi mwilini mwake aache kusoma, aende hospitali.

Dhana hii ilivuma kwa tabibu wa New Jersey, Lawrence Van Derveer, aliyeanza mwaka 1773 kuwatibu kwa mmea huu watu walioumwa na mbwa, hata ikanenwa kuwa aliwaokoa watu 400 na ng'ombe 1,000. Kisha mwaka 1819 daktari Lyman Spalding akazipiga chapa habari hizo mjini New York, na uvumi ukavikwa joho la burhani. Lakini hao waliookolewa ni akina nani? Si kila mbwa aumaye ana kichaa, wala si kila aumwaye na mwenye kichaa hupatwa na maradhi, kwani hutegemea mahali pa jeraha, kina chake na mate yaliyoingia. Tena virusi huenda polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, aghalabu kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine mwaka mzima, muda ambao mgonjwa na tabibu wake hukaa wakishukuru. Kuwahesabu wazima wote hao kuwa wameponywa ni sawa na kumlipa mganga ujira wa kufunga mvua wakati wa kiangazi. Dalili zikishadhihiri, mauti ni karibu yakini, unywe majani yoyote utakayo.

Ati mmea huu hutuliza roho? Labda kidogo, kwani una baikalini, kemikali ambayo wataalamu wameishughulikia katika maabara. Lakini majani yaliyosagwa yamewahi kuchanganywa na Teucrium, jamaa yake mwenye kudhuru ini, na katika unga hakuna ajuaye upi ni upi.

Haya, kwa ufupi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, achanjwe siku hiyo hiyo, na ngozi ikiwa imepasuka aulizie pia sindano ya kingamwili. Mbwa wa nyumbani naye achanjwe kabla hajauma mtu. Mwenye kulipenda ua kwa uzuri wake, naye akaa huko liotako, anunue mbegu badala ya kung'oa vinamasini, azipitishe baridini, azipande penye kivuli kiasi na udongo usiokauka, angoje lichanue Julai hadi Septemba.