Alama ya Mwilini: Ichorwe Lini, na Mahali Gani?

Askari kijana amepokea mshahara wake wa kwanza. Amepewa likizo ya siku saba, na wenzake wawili wamemshika mkono kumpeleka mjini kwa fundi wa kuchora miili. Nusu saa haijapita, jina la mchumba wake limekwisha andikwa begani kwa wino usiofutika. Huenda mchumba huyo akawa mkewe na mama wa watoto wake. Huenda pia mwakani akaolewa na mwingine, na bega lile likaendelea kumtaja mbele ya mke atakayekuwapo. Jambo lililoamuliwa kwa nusu saa litabebwa miaka hamsini.

Kuchora mwili si jambo geni katika Afrika. Wamakonde wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji walijulikana kwa chale za uso na kiwiliwili, ambazo fundi alizikata kwa kisu na kuzisugua kwa masizi ya mbegu za mbarika. Lakini kijana wa zamani hakuamka asubuhi akaamua peke yake. Wakati wa kuchanjwa, mahali pa alama na umbo lake vilifuata desturi, na jamaa walishuhudia.

Hata majeshi ya kale yalilipima jambo hili. Vegetius, Mrumi aliyeandika juu ya mambo ya vita yapata miaka 1,600 iliyopita, alishauri kwamba kuruta asichomwe alama ya jeshi mara tu anapochaguliwa. Kwanza ajaribiwe kwa mazoezi, ijulikane kama kazi ataiweza. Alama ije baadaye.

Leo katika chumba cha fundi wa mjini hakuna mzee wala mkuu wa kuruta. Kijana huketi kitini na fedha yake mkononi, na kwa hiyo hana budi kuwa mzee wa nafsi yake. Kabla ya sindano kugusa ngozi, ajiulize yale ambayo wazee wangalimuuliza: Lini? Na wapi?

LINI?

Kwanza ni umri. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1969 ya kukataza kumchora tatuu mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa daktari akifanya hivyo kwa sababu za tiba. Sababu yake ni wazi: mwili wa mtoto bado unakua, na nia yake vilevile.

Pili ni hali ya moyo. Mtu aliyelewa, aliyefiwa juzi, aliyeachwa na mpenzi au aliyepokea fedha nyingi kwa ghafula si mtu wa kufanya uamuzi wa maisha. Ipo njia nyepesi ya kujipima. Auchore mchoro anaoutaka kwenye karatasi, aubandike ndani ya mfuniko wa sanduku lake la kambini, na autazame kila asubuhi kwa muda wa miezi sita. Akiuchoka kabla ya miezi hiyo kwisha, amepoteza karatasi tu.

Tatu ni ratiba ya kazi. Ngozi iliyochorwa ni kidonda. Kwa kawaida juu yake hupona kwa wiki mbili hadi nne, na ndani huchukua muda mrefu zaidi. Katika siku hizo haifai kuogelea, kuota jua kali wala kusuguliwa na mkanda wa bunduki. Anayekwenda kwenye mazoezi ya porini wiki ijayo, mahali penye jasho, matope na maji machafu, angoje mpaka arudi. Wakati unaofaa ni mwanzo wa likizo ndefu.

Nne ni damu. Askari na polisi ni miongoni mwa watu wanaoombwa damu wakati wa ajali na maafa. Vituo vingi vya damu humtaka aliyechorwa karibuni asubiri miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, kabla ya kutoa damu. Mwenye ndugu anayengoja kupasuliwa na akategemewa kumtolea damu, aahirishe.

Kwa akina mama, mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kungoja. Maradhi yakiingia kwa sindano, hatari haimwishii mama peke yake.

WAPI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa hutazama uzuri wa mchoro na kusahau tabia za ngozi. Baadhi ya watu, hasa wenye ngozi nyeusi, huota makovu makubwa yanayozidi kidonda chenyewe, ambayo madaktari huyaita keloidi. Makovu hayo hupenda kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na ndewe za masikio. Basi ajichunguze. Je, kovu la chanjo mkononi limevimba? Je, mama yake au dada yake aliota uvimbe baada ya kutoga masikio? Jibu likiwa ndiyo, ni afadhali asichorwe popote.

Asichore juu ya baka jeusi au kidutu alichozaliwa nacho, kwa sababu kikianza kubadilika daktari atashindwa kukiona vema. Tumbo hutanuka kwa mimba na kwa unene. Viganja na nyayo husuguliwa kila siku, na wino wake hufifia upesi. Kwa watu wengi, sehemu ya nje ya mkono juu ya kiwiko husumbua kidogo kuliko nyingine, na shati la mikono mifupi huifunika.

Kufunika ni jambo kubwa kwa anayevaa sare. Jeshi la India limekuwa likikubali kwa makuruta alama za upande wa ndani wa kigasha na mgongo wa kiganja tu, isipokuwa kwa watu wa makabila yenye desturi ya kuchanja. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lililegeza masharti yake, likaruhusu alama moja isiyozidi inchi 1 katika kila kiganja na moja isiyozidi inchi 2 nyuma ya shingo; uso ulibaki umekatazwa. Kila jeshi lina amri zake. Kijana anayetaka kuandikishwa aulize kwanza, asije akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ua lililochorwa shingoni.

Historia inatoa funzo jingine. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa kikosi cha Waffen-SS cha Ujerumani walichorwa herufi ya kundi la damu upande wa ndani wa mkono wa kushoto, ili wakijeruhiwa watibiwe haraka. Vita ilipokwisha mwaka 1945, herufi hiyo ndogo iligeuka shahidi dhidi yao, maana waliowatafuta waliwaamuru wainue mkono. Serikali, vyama na vikosi hubadilika. Ngozi haibadiliki pamoja navyo.

SINDANO NA KUFUTA

Ikiwa uamuzi umekwisha fanywa kwa utulivu, sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele ya mteja. Wino umiminwe katika kikombe kidogo kisafi, na fundi avae glavu mpya. Rafiki wa bwenini mwenye sindano ya kushonea na wino wa kalamu asikubaliwe hata kidogo. Sindano iliyotumiwa na mwingine inaweza kuleta homa ya ini aina ya B na C, virusi vya UKIMWI na pepopunda. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Chanjo dhidi yake ipo, na ni busara kuimaliza kwanza.

Asijidanganye kwamba kufuta ni rahisi. Mionzi ya leza huhitaji safari nyingi na gharama kubwa, na katika ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka meupe. Kuingia ni mlango mmoja. Kutoka ni milango kumi.

Mwenye shaka anayo hina ya majani. Rangi yake hudumu wiki moja hadi tatu, kisha hutoka yenyewe, naye atakuwa amejua kama alama ile inampendeza pale alipoiweka. Lakini aiepuke piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele, kwa kuwa imewachoma wengi na kuwatoa malengelenge.

Mwishowe, mwenye mke amwonyeshe mkewe ile karatasi ya sandukuni, na mwenye mume vivyo hivyo; ambaye hajaoa amwonyeshe mama yake. Wao ndio watakaoitazama alama hiyo miaka yote, hata siku ambayo sare imekwisha rudishwa ghalani.