Tone moja la burete, kilo 9 na nusu za shaba

Siku ya posho iliyopita tulikuwa Katuba, mu parseli moja yenye muti mukubwa wa mwembe. Chini yake walikaa vijana saba wanaosoma mwaka wa tatu wa kemia, masomo ile wengi wetu tunaita shimi. Walikuwa na kibao cheusi kimeegemezwa ku ukuta, madaftari na biki. Chombo cha labo hakikuwako hata kimoja. Mumoja wao akachukua chupa ya plastiki, akatoboa kifuniko kwa sindano, akaigeuza juu chini. Maji yakaanza kuanguka tone kwa tone. "Burete yetu njo hii," akatuambia. Wenzake wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao.

Kwa wale wasioijua, burete ni bomba jembamba la kioo lenye alama za mililita na robine ndogo chini. Kazi yake ni kupima kiasi gani cha dawa kimeanguka mu chombo kingine. Mwanafunzi wa kemia ambaye hakushika burete ni sawa fundi wa kujenga ambaye hakushika mwiko. Anaweza kukuelezea ukuta vizuri sana, lakini usimuombe akujengee nyumba.

Hapa kwetu jambo hili si la kuchekesha. Muji wa Lubumbashi ulizaliwa juu ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mu 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Cheminee yake na kile kilima cheusi cha takataka za tanuru vingali vinaonekana, na kila mutoto wa hapa anavijua. Chuo kikuu nacho kikafungua milango mu 1956. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Na nyuma ya kila mufuko wa mawe unaouzwa, kuko mutu mu labo ambaye aliandika hesabu moja: mu mawe haya muko madini kiasi gani kwa mia. Hesabu ile watu wote wanaiita tenere. Wachimbaji wanalipwa kwa tenere, na Leta nayo inahesabu kodi yake kwa tenere. Basi tulitaka kujua wale watakaoiandika kesho wanasoma namna gani leo.

Njia yenyewe iko hivi. Mutoto akiisha kupata diplome ya Leta, anaingia chuo kikuu ao chuo cha ufundi. Zamani alisoma gradua miaka 3, kisha licence miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 kuliingia utaratibu wa LMD: sasa licence ni miaka 3 ya kwanza, na master ni miaka 2 inayofuata. Wazazi wengi wamepotea mu majina haya. Papa mumoja alituambia kwamba alifurahi sana mutoto wake alipomwambia "niko L1", akafikiri amebakisha kidogo. Kumbe L1 ya leo ni mwaka wa kwanza kabisa! Wazazi, muulize vizuri mbele ya kuhesabu makuta.

Mu miaka ile mwanafunzi anasoma kemia ya jumla, kemia ya uchambuzi, kemia ya vitu vyenye kaboni, fizikia na hesabu nyingi. Hesabu ndizo zinazorudisha wengi nyumbani. Lakini vijana wa Katuba hawakulalamikia hesabu. Walilalamikia mikono yao. Mumoja wao, mwenye sauti ya pole, alituambia mambo ambayo hakutaka tuandike pamoja na jina lake wala jina la shule yake:

"Tulikuwa banafunzi makumi sita ku burete mbili. Miye nilishika paka mara moja, dakika kidogo, asisita akasema pitisha mwingine. Siku ingine dawa zilikuwa zimekwisha. Sasa raporo, utaandika nini? Tulikamata raporo ya bayaya ba mwaka uliopita, tukabadilisha kidogo kidogo. Nilipata 15 ku 20."

Kisha akatuelezea yaliyomupata. Mwaka jana alipata staje mu labo ya sosiete moja. Siku ya kwanza mukubwa wa labo akamupa mawe yaliyosagwa, akamwambia: "Tafuta shaba." Hakuna kumuonyesha, maana raporo zake zilisema anajua. "Mukono ulikuwa unatetemeka," alisema. "Nilifungua robine mingi, rangi ikapita. Nikarudilia. Ikapita tena. Nikamwambia mukubwa kweli: papa, miye sijui." Mukubwa yule hakumufukuza. Alimukalisha wiki mbili akipima maji na siki tu, mpaka mukono ukatulia.

Tukamuomba atuonyeshe ku kibao mambo aliyojifunza pale, ili na sisi tusiosoma kemia tuelewe. Tunaiandika hapa kwa ufupi.

Unapima gramu 1 ya mawe yaliyosagwa laini. Unayayeyusha kwa asidi yenye nguvu, halafu unapunguza ukali wa maji yale. Unatia iodidi ya potasiamu. Shaba inaifanya itoe iode, na maji yanakuwa na rangi ya kahawia. Mu burete umetia dawa inayoitwa tiosulfati, ambayo inakula ile iode. Unaacha iteremuke tone kwa tone. Karibu na mwisho unaongeza uji mwepesi wa wanga, hata wa unga wa muhogo unaweza kusaidia, na maji yanakuwa bluu nzito. Tone moja likianguka na bluu ikapotea, unafunga robine na kusoma mililita.

Sasa hesabu. Kama tiosulfati yako ni ya moli 0,1 mu litre, kila mililita inaonyesha miligramu 6,355 za shaba. Ukisoma mililita 5,5, shaba ni miligramu 35 hivi mu gramu 1. Tenere ni 3,5 kwa mia. Tone moja la burete ni karibu mililita 0,05. Tone lile moja, mu kamio ya tani 30, ni kilo 9 na nusu za shaba. Na mwanafunzi ambaye mukono wake unatetemeka akakosa mililita 1 nzima, amekosa kilo 190.

Chini ya mwembe hakuna aliyecheka tena. Kilo 190 zile ni za mutu. Ukifunga robine mapema, umemunyanganya muchimbaji. Ukichelewa kuifunga, umemunyanganya munuzi. Na kuko mutego mwingine: udongo wetu mwekundu uko na chuma kingi, na chuma nacho kinatoa iode sawa shaba. Kwa hiyo mujuzi anatia kwanza dawa ya fluoridi ili kukifunga chuma mudomo. Yule aliyekopia raporo anaweza kusahau hatua ile. Atasoma shaba mahali ambapo iko chuma, na atasaini. (Fluoridi ni sumu, si dawa ya kuchezea nyumbani.)

Mutu anaweza kusema: siku hizi kuko mashini, burete ni ya wazee. Ni kweli, mu madepo ya kununulia mawe upande wa Kolwezi wanatumia mashini ya kushika mukononi, ile wachimbaji wanaita Metorex. Unaielekeza ku mawe, inapiga miali, na hesabu inatokea palepale. Na ni kweli pia kwamba wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba hesabu ile inawapunguzia. Lakini kemia inasema nini? Miali ile inasoma ngozi ya juu tu ya mawe, haifiki ndani ya mufuko. Mawe yenye maji yanaonyesha tenere ndogo kuliko yakiwa makavu. Mawe yasiyosagwa na kuchanganywa yanaweza kutoa hesabu tatu mbalimbali mu dakika moja. Na mashini yenyewe lazima ilinganishwe kila mara na mawe ambayo tenere yake inajulikana. Tenere ya mawe yale inatoka wapi? Inatoka mu labo, mu mikono ya mutu anayejua kazi. Mashini haiondoe mujuzi wa kemia. Inamuhitaji zaidi.

Kuko jambo lingine ambalo raporo ya kukopia haiwezi kulifundisha, nalo ni woga mwema. Viwanda vyetu vinatumia asidi ya sulfuriki kwa kuyeyusha malakiti, yale mawe ya majani, na maji yanageuka bluu ya shaba. Asidi ile inapita mu barabara zetu kila siku ndani ya makamio. Mu Februari 2019, ku barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamio ya asidi iligongana na magari mengine, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Ku labo, sheria ya kwanza ni hii: asidi inamwangwa polepole ndani ya maji, hata siku moja maji ndani ya asidi. Maana asidi na maji vikikutana moto unakuwa mukali sana. Ukitia maji juu ya asidi, yanachemuka palepale na kuruka usoni. Na kama asidi imemugusa mutu, vua nguo zilizoloba, mwangia maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, kisha mbio hospitali. Si mafuta, si dawa ya meno. Kuandika sheria hii mu mutihani ni rahisi. Mukono unaijua tu ukiisha kuifanya.

Basi tufanye nini? Hatukuja kulaumu shule moja. Walimu tuliozungumza nao wanajua shida kuliko sisi. Mumoja, mwenye kufundisha miaka mingi, alituambia kwamba mara nyingine ananunua dawa za labo kwa makuta ya mufuko wake. Lakini alituambia pia neno ambalo tuliliandika palepale: "Wasipokuwa na dawa ya bei, niwape dawa ya soko. Kitu cha mubaya si kukosa. Kitu cha mubaya ni kudanganya ku karatasi."

Na kweli mengi yanapatikana ku soko. Maua makavu mekundu ya bisapu, ukiyachemusha, yanakupa maji ambayo rangi yake inabadilika: yanakuwa mekundu zaidi ukitia ndimu, na yanageukia bluu ao majani ukitia maji ya majivu. Siki iko na asidi karibu gramu 5 mu mililita 100, na unaweza kuipima. Sirenge ya farmasi, bila sindano, iko na alama za mililita. Kwa vitu hivi mukono unajifunza kungoja tone. Macho nayo yanajifunza kuona saa rangi inapogeuka. Na daftari linajifunza kuandika kilichoonekana, hata kama si kile kitabu kilisema.

Kwa wanafunzi tunasema: rudilieni kipimo mara tatu. Kama hesabu tatu zinakaribiana, chukueni ya katikati. Kama zinapishana sana, andikeni kwamba zinapishana, mutafute sababu. Profesere mwema atakupa pwa kwa kosa ulilolieleza, kuliko kwa ukweli uliouiba. Na mukipata staje, semeni mapema mambo musiyoyajua. Yule kijana wa Katuba alipata haya siku moja tu.

Kwa wazazi: mukienda kulipa minervali, musiulize tu bei na jina la diploma. Ulizeni: labo iko? Mutoto wangu atashika chombo mara ngapi mu mwaka? Ni haki yenu, maana munalipa kwa jasho.

Na kwa masosiete yanayochimba mu udongo huu: burete za zamani munazoziweka mu depo, mizani muliyoibadilisha, dawa ambazo zimebaki na zingali nzuri, zina kazi mbele ya kutupwa. Kijana aliyejifunza vizuri leo ndiye atakayewaandikia tenere kesho.

Tulipoaga, jua lilikuwa linashuka. Yule wa chupa ya plastiki alikuwa amekazana na sirenge, mwenzake akihesabu kwa sauti: kumi na nane, kumi na tisa, makumi mbili. Mililita 1. Walirudilia: matone 23. Mara ya tatu: 20 tena. Mwenye daftari akauliza kama afute ile 23.

"Acha," akamujibu mwenye chupa. "Andika yote."