Blanketi la Sungura

Mgeni aijuaye Dodoma kwa jua na vumbi lake hudhani kuwa wenyeji hawana haja ya blanketi. Lakini nchi ile imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai mtoto asiyefunikwa vema hulala amejikunja. Basi leo twaeleza jinsi ya kumfumia blanketi la kroshia lenye sura ya Sungura, yule wa hadithi.

Kwanza fumeni kipande cha kujaribia. Vitanzi 10 vikiwa na upana wa sentimita 8, blanketi la sentimita 80 litataka vitanzi 100. Pimeni na mistari 10 kwenda juu. Ikiwa haifiki sentimita 8, ongezeni mistari katika picha, ama sivyo masikio yatafupika. Nasi tumekwisha kuona Sungura aliyedhaniwa kuwa fisi!

Picha ichorwe katika karatasi ya miraba, kila mraba kitanzi kimoja. Mstari wa kwanza husomwa toka kulia, wa pili toka kushoto, kwa kuwa kazi hugeuzwa. Penye kubadili rangi, kitanzi cha mwisho cha rangi ya kwanza kimalizwe kwa uzi wa rangi ya pili.

La kuangaliwa zaidi ni upande wa nyuma. Uzi ukiachwa ukining'inia, kidole cha mtoto hunaswa humo. Ufunikwe ndani ya vitanzi, na ncha zishonwe kwa sindano. Macho nayo yafumwe kwa uzi mweusi. Msitie vifungo, maana mtoto mdogo huving'oa akavimeza.