Mtoto Atalala Wapi? Namna Tunavyopanga Mabweni ya Kambi ya Utoto Mtakatifu

Likizo ya Juni inapokaribia, parokia nyingi huandaa kambi ya watoto wa Utoto Mtakatifu, na sisi mafrateri hutumwa kwenda kusaidia. Wazazi wanapokuja kuandikisha watoto, wachache huuliza ratiba ya mafundisho. Wengi huuliza jambo moja: "Frateri, mwanangu atalala wapi, na nani?" Swali hilo ni la haki, na tunapenda kulijibu hapa.

Jibu tulilipata kwa kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tuliwalaza wavulana wote katika ukumbi mmoja, magodoro chini, walezi wawili kwa watoto zaidi ya 50. Asubuhi ya siku ya tatu tuligundua kwamba mtoto mmoja wa miaka 8 alikuwa amekesha ameegemea ukuta. Usiku uliotangulia alikuwa amekojoa kitandani, godoro lilikuwa bado limelowa, naye aliona aibu kusema. Kila jioni tulikuwa tumewahesabu watoto, na hesabu ilitimia. Lakini hapakuwa na mlezi hata mmoja aliyejua kwamba huyu ni wa kwake.

Vikundi vya watoto 8

Nchini Marekani, ambako kambi za watoto za likizo zina zaidi ya miaka 100, watoto wengi hulala katika vibanda vidogo. Chama cha huko, American Camp Association, kimeweka kiwango: kwa watoto wa miaka 6 hadi 8 wanaolala kambini, mlezi 1 kwa watoto 6, kwa wa miaka 9 hadi 14, mlezi 1 kwa watoto 8. Sisi hatuna vibanda. Tunaazima mabweni ya shule. Hata hivyo, hesabu hiyo tunaweza kuifuata.

Kwa hiyo sasa bweni la vitanda 16 hubeba vikundi viwili vya watoto 8, na wale wadogo kabisa tunawapanga 6. Tunawagawa kwa umri. Wanaotoka kigango kimoja hatuwaweki wote pamoja, wasije wakawatenga wengine. Lakini kila mtoto tunamwachia angalau mwenzake mmoja anayemfahamu. Anayeogopa kulala juu hupewa kitanda cha chini.

Walezi wawili, si mmoja

Kila bweni lina walezi wawili, mmoja kwa kila kikundi. Hulala kwenye vitanda vyao, karibu na mlango. Mafrateri na akina baba huwa upande wa wavulana. Masista na akina mama upande wa wasichana, na frateri haingii huko kwa sababu yoyote. Mtoto akitaka kuzungumza na mlezi peke yake, huketi mahali ambapo wengine wanawaona, hata kama hawawasikii. Walezi huoga kwa wakati wao, si pamoja na watoto.

Mafrateri wenzetu, tusiuchukulie utaratibu huu kama kutoaminiwa. Unamlinda mtoto kwanza, nasi pia. Mtoto akieleza kwamba ametendewa vibaya, hatuahidi kuficha siri. Tunatoa taarifa kwa wahusika, na kwa hapa Tanzania ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Fomu ya mzazi

Kabla ya kambi, mzazi hujaza fomu: pumu, kifafa, selimundu, chakula kinachomdhuru, dawa na saa za kuzimeza. Dawa hukaa kwa muuguzi, si kwenye begi la mtoto. Tunauliza pia kama hukojoa kitandani. Wazazi wengi huruka swali hilo kwa kuona haya, na anayeumia ni mtoto. Tukijua, mlezi humwamsha saa 4 usiku aende msalani, huweka nailoni chini ya shuka, na asubuhi shuka hubadilishwa wenzake wakiwa wameenda kunawa. Neno "kikojozi" halitamkwi kambini.

Usiku wa kwanza

Mtoto kukumbuka nyumbani si utovu wa nidhamu. Mara nyingi huja jioni, kazi na michezo inapokwisha. Saa 2 na nusu usiku kila kikundi huketi na mlezi wake; kila mtoto hutaja jambo moja lililomfurahisha na moja lililomsumbua, kisha wanasali pamoja. Anayelia hatumwambii "nyamaza, wewe ni mkubwa." Tunakaa naye, tunamsikiliza, na kesho yake tunampa kazi ya mikono.

Mzazi naye atusaidie: asimwahidi mtoto, "Ukilia nitakuja kukuchukua." Mtoto mwenye ahadi hiyo huanza kungoja tangu siku ya kwanza. Afadhali amzoeze kwa kulala usiku mmoja kwa shangazi au bibi kabla ya kambi.

Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha shirika hili mwaka 1843, alitaka watoto wawasaidie watoto wenzao. Hilo tunaliona bwenini, pale mkubwa anapomfundisha mdogo kutandika na kufunga chandarua.

Basi mzazi, jaza fomu kwa ukweli. Nawe frateri, ukipewa majina 8, yashike yote kabla ya usiku wa kwanza, na usilale mpaka umejua kila mmoja amelala.