USHAHIDI WA KOMPYUTA NA WAJIBU WA ASKARI

Tarehe 3 Februari, 2020, majaji watano waliwasili mahakamani mjini Lilongwe, Malawi, ndani ya gari la deraya, wakilindwa na jeshi. Siku hiyo walibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika Mei, 2019, baada ya kuona kwamba kasoro zake zilikuwa nzito na zimeenea. Mahakama ya juu ya rufani ilithibitisha hukumu hiyo tarehe 8 Mei, 2020, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni.

Umma unakumbuka zaidi fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Lakini mahakama ilisikiliza pia ushahidi wa aina nyingine. Walalamikaji walimleta mtaalamu wa kompyuta, Daud Suleman, aeleze jinsi mtambo wa kujumlisha matokeo ulivyotumika, na mawakili wa upande wa pili wakamhoji.

Kazi ya mtaalamu wa namna hiyo si uganga. Kompyuta huweka kumbukumbu mfano wa kitabu cha zamu langoni mwa kambi: nani ameingia, saa ngapi, na amebadili nini. Mtaalamu hapekui chombo chenyewe. Kwanza hunakili yote yaliyomo kwa kifaa kinachozuia lolote lisiongezwe wala kufutwa. Kisha programu hupiga hesabu ya yaliyomo na kutoa alama ndefu ya tarakimu na herufi. Ikibadilishwa herufi moja tu, alama hiyo nayo hubadilika. Kwa njia hiyo mahakama hujua kwamba nakala iliyo mbele yake ni sawa na ile ya asili.

Bila tahadhari hiyo, karatasi yoyote yaweza kudaiwa kuwa imetoka katika kompyuta. Tarehe 5 Septemba, 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya, ikihukumu shauri la uchaguzi wa rais, ilisema kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa mbele yake ama zilikuwa za uchaguzi wa 2017, ama zilighushiwa.

Yafaa ieleweke kwamba ushahidi huu si wa mashauri ya wakubwa peke yake. Kilomita zisizofika 50 kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, yapo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyofunguliwa mwaka 1994. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa na watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila siku. Mtu aliyekimbia vita mara nyingi ameziacha hati zake nyuma. Simu yake ndiyo stakabadhi yake, ndiyo daftari lake la biashara, na pengine ndiyo shahidi wake pekee.

Chukua mfano wa mwenye duka wa Dzaleka anayesema amekwisha kulipa kwa simu, na tajiri wa Lilongwe anayekana kupokea. Askari wa kwanza kufika akiifungua simu hiyo, akasoma ujumbe, kisha ikapita mkono kwa mkono kituoni, wakili atauliza: nani ameifuta sehemu iliyokosekana? Hapatakuwa na jibu, na mwenye haki atatoka mahakamani mikono mitupu.

Kwa hiyo kanuni ni chache. Simu iliyozimwa isiwashwe. Iliyowaka itengwe na mawasiliano, ili asitokee mtu wa kuifuta kutoka mbali. Iandikwe imechukuliwa wapi, saa ngapi, kwa nani, na kila anayeipokea atie saini. Upekuzi aachiwe mtaalamu, kwa idhini ya sheria.

Aidha, simu si mtu. Katika makazi kama hayo simu moja huweza kutumiwa na jamaa nzima. Mtaalamu mwaminifu husema chombo kimefanya nini na lini. Hasemi ni kidole cha nani kilichobonyeza, isipokuwa ana ushahidi mwingine. Hata akiletwa na upande mmoja, deni lake la kwanza ni kwa mahakama.

Jeshi liliwafikisha majaji wa Lilongwe mahakamani salama. Ushahidi nao wahitaji ulinzi huo huo, tangu mkono wa kwanza unaougusa. Na mara nyingi mkono huo ni wa askari.