Aliyezama majini asikandamizwe tumbo

WEWE uliyerudi kutoka Tanzania, au unayevusha ndagala na mawese kati ya Rumonge, Kigoma na Baraka, unajua jinsi Ziwa Tanganyika linavyoweza kugeuka ghafla. Mtu akitolewa majini hapumui, watu hupiga kelele: "Mbonyezeni tumbo maji yatoke!"

Mwaka niliporudi kutoka kambi ya Mtabila, Kasulu, niliona ufukweni, si mbali na Kizuka, mtoto akikandamizwa tumbo kwa magoti. Alitapika, akapaliwa, hakuamka. Mimi, mwalimu mzima, nilisimama tu. Sikujua la kufanya.

Anayezama hauawi na maji ya tumboni. Huuawa na kukosa hewa. Kumbonyeza tumbo humtapisha, na matapishi huingia mapafuni.

Hata anayejua kumpulizia hewa mdomoni anaweza kukosea. Kichwa kisipoelekezwa nyuma, au ukipuliza kwa nguvu mno, hewa huingia tumboni badala ya mapafuni. Mfuko wa chakula hufura kama puto, na mara chache hupasuka. Dalili ni tumbo kujaa na kuwa gumu kama ngoma, huku mgonjwa akizidi kupumua kwa shida. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Anahitaji upasuaji wa haraka.

Basi tufanye nini? Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kielekee nyuma. Bana pua, puliza taratibu kwa sekunde moja. Kifua kikiinuka, acha. Anza na pumzi 2 hadi 5. Kisha, kwa mtu mzima, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kiasi cha sentimita 5 kwenda chini, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpe tena pumzi 2, uendelee hivyo hivyo. Tumbo likifura, usiliguse. Rekebisha kichwa na upunguze nguvu ya kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe mdomo, endelea.

Akizinduka, apelekwe hospitali hata akisema amepona.

Kupasuka tumbo ni nadra, hivyo hofu isitufanye tukunje mikono. Ubongo usiopata hewa huharibika ndani ya dakika chache. Wenye boti na abiria, tujifunze haya tukiwa bado nchi kavu. Maji yakimwagika hayazoleki.