Kibarua Akiumia Katika Chai Yako

Mkulima mwenye ekari tatu za chai hapa Kericho au Bomet hujihesabu kuwa mkulima tu. Lakini siku aajiripo kibarua wa kuchuma au kupogoa kwa mshahara, sheria humwita mwajiri, sawasawa na kampuni yenye mashamba makubwa. Sheria hiyo ni ile ya fidia ya ajali za kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huiita WIBA. Ndugu au jirani akusaidiaye bila mshahara hahesabiwi humo.

Tuseme kibarua anapogoa, kisu kinateleza, na kidole kinakatika. Kwanza apelekwe hospitali iliyo karibu, Longisa au Kapkatet. Gharama ya matibabu ni juu ya mwajiri. Kisha ajali iandikwe. Tangu kupata habari, mwajiri ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya WIBA, na daktari huandika kilema ni sehemu ngapi katika mia. Mtu akifa, habari ipelekwe katika saa 24. Madai ya fidia yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita. Kibarua anayengoja kidonda kipone kwanza, au anayenyamazishwa kwa shilingi elfu mbili, anaweza kukuta miezi hiyo imekwisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mshahara wa miezi 96, kisha toa sehemu aliyoandika daktari. Kama mshahara ni Sh. 10,000 kwa mwezi, miezi 96 ni Sh. 960,000. Kilema cha 10 katika mia ni Sh. 96,000. Fedha hizo ni nyingi kwa mwenye ekari tatu, ndiyo sababu sheria yataka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kampuni ya bima hupewa siku 90 kulipa.

Wengine hukimbilia mahakamani kwanza. Wachumaji zaidi ya 1,000 wa Kericho waliishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) huko Edinburgh, Scotland, wakidai kwamba kazi ya kuchuma na kubeba majani imewaumiza migongo. Mwaka 2023 majaji wa rufani waliisimamisha kesi hiyo ili madai yapitie kwanza njia ya WIBA nchini Kenya. Mahakama Kuu Zaidi ya Kenya nayo ilikuwa imeithibitisha sheria hii Desemba 2019. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kumpelekea pingamizi, ndipo aende mahakama ya kazi.

Jambo moja zaidi. Mchumaji hulipwa kwa kilo, wala si kwa mwezi. Basi mshahara wake utajulikanaje? Nunua daftari. Kila jioni mkitoka kituo cha kununulia chai, andika jina, tarehe, kilo na fedha ulizompa, naye atie sahihi au kidole gumba.